Kabla hamjaziyeyusha, ziulizeni zilikotoka: barua ya wazi kuhusu bunduki kuukuu za kijeshi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Kwa Ndugu Msajili wa Silaha. Kwa wakuu wa Makumbusho ya Taifa. Na kwa waheshimiwa wabunge wa mikoa iliyokanyagwa na Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia Tanga hadi Ruvuma.

Walio wakubwa kwangu, shikamooni. Walio wadogo, marahaba naitanguliza.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia na mkusanyaji wa masalia ya vita, mkazi wa Tanga. Naandika kuhusu bunduki, na najua kwamba neno hilo likionekana kwenye barua ya raia wa kawaida, msomaji wa serikalini hujiweka sawa kitini. Basi nianze na yale nisiyoyataka. Sitaki mlegeze Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ni kali, na ukali wake naupenda. Nimefundisha watoto waliovuka mpaka na mama zao kutoka Burundi na Kongo, na hakuna aliyehitaji kunieleza bunduki inafanya nini ikizagaa mitaani. Sina bunduki, sijawahi kuwa nayo, na nyumbani kwangu kitu cha hatari kuliko vyote ni jiko la gesi.

Ninachokitaka kinatokana na maneno matatu yaliyoandikwa kwenye kitabu cha kituo kimoja cha polisi. Nitayafikia.

Nyumba ya marehemu bibi yangu ilikuwa kijijini upande wa Mkinga, si mbali na Ghuba ya Manza. Ulipofika wakati wa kuibomoa ili wajukuu wajenge ya matofali, vijana waliokuwa wakishusha makuti walipiga kelele. Juu ya boriti, kwenye giza la masizi ya miaka mingi, kulikuwa na kitu kirefu kilichoviringishwa kwa gunia la katani na kupakwa mafuta yaliyoganda kama lami. Mjomba wangu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, aliwafukuza watoto uani, akakifungua mwenyewe. Ilikuwa bunduki. Kitako kilikuwa kimeliwa na mchwa upande mmoja. Komeo, kile chuma cha nyuma kinachovutwa ili kuingiza risasi, lilishikana na kutu, haliendi mbele wala nyuma. Tundu la mtutu lilikuwa pana kiasi cha kukaribia kupitisha kidole kidogo cha mtoto. Na pembeni, tulipopangusa kwa kitambaa, zikatokea herufi za Kijerumani za kupindapinda, na mbele yake tarakimu mbili: 71.

Nikakaa chini. Miaka yote nilikuwa nikiifundisha bunduki ile ubaoni.

Ni Mauser ya mwaka 1871, kazi ya ndugu wawili wa Oberndorf kule Ujerumani. Inapokea risasi moja tu kwa wakati, ya milimita 11, na inatumia baruti nyeusi. Ujerumani kwenyewe ilikuwa imeshapitwa na wakati kabla karne ya 19 haijaisha, lakini makoloni hayakupewa vipya kwanza. Vita ilipozuka Agosti 1914, kampuni nyingi za askari weusi wa jeshi la Wajerumani huku kwetu zilikuwa bado zimeshika hiyo hiyo. Ubaya wake mkubwa haukuwa uzito. Ilikuwa moshi. Askari akifyatua mara moja, wingu jeupe linapanda juu ya kichaka alichojificha, na adui aliye na bunduki ya kisasa isiyotoa moshi anajua pa kulenga. Mtu aliyepewa silaha ile aliambiwa kwa vitendo thamani ya maisha yake ni ipi.

Mjomba akasema bunduki ni ya baba yake bibi, na kwamba bibi alikuwa akisimulia kuwa baba yake "alibeba risasi za meli." Sisi wajukuu tulidhani ni maneno ya uzee. Lakini meli ilikuwepo. Aprili 1915 meli ya Kijerumani iliyoitwa Rubens, imejibandika jina la Kidenmarki la Kronborg ili kuwapita Waingereza baharini, ilijaribu kufika Tanga ikiwa imesheheni bunduki, risasi na makaa. Manowari ya Kiingereza, Hyacinth, ikaikuta na kuikimbiza hadi Ghuba ya Manza, ikaipiga mizinga. Nahodha akaiacha izame kwenye maji mafupi. Waingereza wakaondoka wakidhani kazi imekwisha, na usiku na mchana watu wa pwani hii wakaanza kuitoa shehena majini. Risasi zilizolowa zikatandazwa, zikafumuliwa moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa upya. Vita ya Jenerali Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, iliyoendelea kwa miaka mitatu na nusu zaidi ilibebwa kwa sehemu kubwa na vidole vya watu ambao hakuna aliyeandika majina yao. Mmoja wao, kwa mujibu wa bibi yangu, alikuwa baba yake.

Kwa hiyo siku ile tulikuwa na masimulizi, tulikuwa na kitu chenyewe, na tulikuwa na mahali pake. Vitu hivi vitatu havikutani mara nyingi. Mwalimu wa historia anaweza kufundisha maisha yake yote asivione pamoja hata mara moja.

Tulifanya nini? Tulifanya kile raia mwema anachotakiwa kufanya. Kulikuwa na tangazo la msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari, kama lile la Septemba na Oktoba 2023 mnalolikumbuka. Mjomba akaifunga bunduki ndani ya mkeka, tukaenda naye kituoni mimi na mpwa wangu. Ofisa aliyetupokea alikuwa mpole na alitushukuru. Akafungua kitabu, akaandika: *Gobore, moja, bovu.*

Nikamwambia, afande, hii si gobore. Gobore hushindiliwa kwa mbele, unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unasukuma kwa fimbo. Hii inafunguliwa kwa nyuma, ina komeo, inakula risasi kamili. Akaniangalia kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "hapa hatufundishi historia." Nikauliza kama inaweza kupelekwa makumbusho. Akasema tuandike barua. Tukaandika. Miezi ilipopita nilirudi kuuliza, nikakuta ofisa mwingine, akapekua kitabu, akasema, "Zile zilishakwenda." Zimekwenda wapi? Zilishakwenda.

Sitaji kituo na sitaki mtu aadhibiwe. Ofisa yule alifuata utaratibu, na utaratibu haukuwa na mahali pa kuandika zaidi ya aina, idadi na hali. Kama kosa lipo, liko kwenye karatasi, wala si kwa aliyeijaza.

Mtaona ninang'ang'ania neno moja dogo. Nina sababu. Tofauti kati ya gobore na bunduki ya komeo ndiyo iliyokuwa moyo wa sheria kubwa ya kwanza ya kudhibiti silaha iliyowahi kutufikia. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalipitisha mkataba wa kupinga biashara ya utumwa, na ndani yake wakachora mstari juu ya ramani ya Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Ndani ya eneo hilo bunduki zenye mifereji ndani ya mtutu, kama Mauser ile, na risasi zake zilipigwa marufuku zisiuzwe kwa wenyeji. Waliruhusiwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji, yaani magobore, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Lengo lililotangazwa lilikuwa jema, maana bunduki zilikuwa mkono wa kulia wa wakamata watumwa. Lakini hesabu iliyobaki baada ya hapo kila mtu anaijua: mwaka mmoja tu baadaye, Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa waliuvamia msafara wa Zelewski, kamanda wa Kijerumani, pale Lugalo, wengi wao wakiwa na mikuki, wakaondoka na mamia ya bunduki za kisasa. Na Majimaji ilipowaka mwaka 1905, upande mmoja ulikuwa na magobore na maji, upande wa pili una bunduki za komeo na za rashasha. Kumwandikia Mauser ya 71 jina la gobore ni kuufuta ule mstari wote. Ni kama kuandika kwamba babu yangu alikuwa na jahazi wakati alikuwa na meli.

Wataalamu wa Makumbusho ya Majimaji pale Songea na ya Mkwawa pale Kalenga wanajua ninachokisema kuliko mimi. Je, kuna hata mmoja wao aliyewahi kuitwa kutazama rundo la silaha zilizosalimishwa kabla halijateketezwa? Mkiniambia yupo, nitafurahi kuomba radhi hadharani.

Bunduki ya kijeshi, waheshimiwa, imeandikwa mwili mzima. Chukueni ile ya Kiingereza ambayo wazee wetu wote waliijua kwa kipimo chake tu, "thrii-o-thrii," yaani Lee-Enfield. Pale komeo linapokutana na kitako, ubavuni, pamegongwa taji, chini yake herufi za mfalme aliyekuwa akitawala, kisha jina la kiwanda na mwaka. Utaona Enfield yenyewe, utaona BSA ya Birmingham, utaona Lithgow ya Australia, na utaona Ishapore ya India. Mshale mmoja ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Mishale miwili iliyoelekezeana ncha ni kwamba serikali imeiuza, imetoka jeshini kihalali. Kwenye kitako mara nyingine kuna kidude cha shaba cha mviringo chenye namba ya kikosi. Mtu anayejua kusoma alama hizi anaweza kuichukua bunduki iliyookotwa shambani Muheza na kukuambia ilifyatuliwa kwanza bara gani.

Na hapa kwetu usomaji huo una utamu ambao nchi nyingine hazina, kwa sababu vita yetu ilikuwa vita ya kunyang'anyana. Novemba 1914 Waingereza walishusha wanajeshi karibu 8,000 hapa Tanga, wengi wao kutoka India, dhidi ya watu wapatao 1,000. Walishindwa vibaya, nyuki nao wakasaidia kama tunavyosimulia hadi leo, na walipopanda meli zao waliacha pwani bunduki za kisasa za kutosha kampuni tatu, bunduki za rashasha 16, ambazo askari waliziita bombomu, na risasi 600,000. Askari waliokuwa wakipigana kwa moshi wa 71 wakabadilisha silaha siku chache tu baadaye. Miaka mitatu ikapita, tarehe 25 Novemba 1917, Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma na kuvamia ngome ya Wareno pale Ngomano, na safari hii jeshi lake likaondoka na Mauser za Kireno. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, aliposalimisha silaha Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia, hesabu ilikuwa bunduki 1,071, na zote ni za Kiingereza na za Kireno. Kati ya bombomu 37, za Kijerumani zilikuwa 7 tu. Jeshi la Mjerumani lilimaliza vita likiwa halina bunduki ya komeo ya Mjerumani mkononi.

Sasa fikirieni bunduki moja iliyotoka Ishapore, ikatua Tanga na askari wa Kihindi, ikaokotwa na askari wa Kinyamwezi wa jeshi la Wajerumani, ikatembea hadi Msumbiji na kurudi. Yote hayo yanaweza kuwa yamegongwa juu yake. Tukiitia tanurini inakuwa nondo.

Pale Dar es Salaam, kwenye mzunguko wa Mtaa wa Samora, ile Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 imeshika bunduki yenye singe, imeielekeza bandarini. Ndiyo bunduki pekee ya vita ile ambayo mtoto wa Kitanzania anaweza kuitazama mchana kweupe bila kiingilio, na imetengenezwa kwa shaba.

Nirudi kwenye upande wangu, maana nimejiita mkusanyaji na mtauliza ninakusanya nini kama sina bunduki. Nakusanya masalia yasiyofyatua. Nina kichupa cha shaba cha mafuta, kile kilichokuwa kikifichwa ndani ya kitako cha Lee-Enfield, nilichokinunua kwa muuza vitu vya kale aliyedhani ni kichupa cha wanja. Nina bizimu ya mkanda. Nina picha. Basi. Hobi yangu nzima inaingia kwenye kopo la maziwa.

Ila nimewahi kujaribiwa. Siku moja kijana wa chuma chakavu, anayejua udhaifu wangu, alinipigia simu: mwalimu njoo uone kitu. Kwenye rundo la marejeta na vipande vya mabati kulikuwa na sehemu ya kati ya Lee-Enfield, pamoja na mtutu wake, bila mbao. Nilifuta kutu kwa kidole gumba. Taji. Chini ya taji, G.R. Chini yake mwaka, tarakimu ya mwisho imekwisha. Kijana alitaka bei ya kilo, kama ya chuma kingine chochote. Ningeweza kulipa kwa hela iliyokuwa mfukoni mwangu na chenji ikabaki. Mikono ilinitetemeka, siwafichi. Lakini mtutu na sehemu zake ni silaha hata bila mbao, na mimi nimefundisha uraia pia, si historia peke yake. Nikamwambia aipeleke kituoni. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa ajichome moto. "Nikienda nayo nitaulizwa nimeipata wapi, na mimi sijui, imekuja na mkokoteni." Kesho yake nikarudi. Lori lilikuwa limeshapakia.

Hayo ndiyo mambo yanayotokea kila siku kwenye nchi ambayo kitu kuukuu kina njia mbili tu, tanuri au jela. Wenye navyo wanachagua ya tatu: wanavifukia, wanavitupa baharini, wanaviuza kwa kilo. Au, na hili ndilo linalopaswa kuwanyima usingizi, wanamuuzia mtu anayejua kwamba kutu hutoka kwa mafuta ya taa na subira.

Niliwahi kwenda ofisi moja kuuliza kama mtu anaweza kuomba kibali cha kumiliki bunduki ya zamani kwa ajili ya kumbukumbu tu. Nikaulizwa, una mifugo? Una duka? Unawinda? Kwa kila swali nilijibu hapana. "Sasa unaitaka ya nini?" Nikasema ya kuitazama. Wakacheka, na mimi nikacheka, maana ukiisikia kwa sauti kweli inachekesha.

Hebu sasa nijipinge mwenyewe kabla hamjanipinga. Bunduki ya zamani inaua. Lee-Enfield iliyotoka kiwandani mwaka 1910, ikitunzwa, inampata mtu mita mia kadhaa leo hii kama ilivyompata siku ile, na majangili na wezi wa mifugo wa ukanda wetu wameshalithibitisha hilo. Mwenzenu asije akawadanganya kwamba uzee wa silaha ni usalama. Waingereza, wenye wakusanyaji wengi na sheria kali tangu muda mrefu, wamejifunza kwa machungu. Baada ya mauaji ya Hungerford mwaka 1987 walipiga marufuku bunduki za kijeshi zinazojipakia zenyewe. Baada ya watoto wa shule kuuawa Dunblane mwaka 1996 wakapiga marufuku karibu bastola zote. Bado walibakiza mlango mdogo wa vitu vya kale: Mauser kama ile ya bibi yangu, ambayo risasi yake haitengenezwi tena kwa biashara ya kawaida, mtu mzima asiye na rekodi ya jela anaweza kuwa nayo kama pambo. Lee-Enfield inayofyatua, hapana. Hiyo inahitaji cheti cha polisi, sababu ya msingi, na kabati la chuma. Na hata mlango ule mdogo ulipogeuzwa uchochoro na wahalifu waliokuwa wakijitengenezea risasi za bastola za kale, mwaka 2021 walizitoa aina 7 za risasi kwenye orodha ya zilizosamehewa. Hawakuufunga mlango. Waliupunguza.

Kwa hiyo siombi msamaha kwa kigezo cha umri. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha inaziruhusu nchi kujiamulia kitu cha kale ni kipi, mradi kisiwe kilichotengenezwa baada ya 1899. Mstari huo unaeleweka, ila kwetu unakata vita yetu katikati: Mauser ya 71 inabaki upande huu, Lee-Enfield ya 1907 inaangukia upande ule, wakati zilifyatuliana siku moja kwenye mitaa ile ile ya Tanga. Kigezo ninachokitaka mimi ni kimoja: je, inaweza kufyatua, au imezimwa?

Kuzima bunduki ni kazi ya fundi, si maneno. Mtutu unachanwa na kuzibwa kwa chuma kigumu kinachochomelewa ndani, mahali pa kukalia risasi panazibwa, uso wa komeo unasagwa, pini inaondolewa. Kule Uingereza kazi hiyo inakaguliwa na nyumba za ukaguzi wa silaha za London na Birmingham, inagongwa muhuri, na inapewa cheti. Mafundi wetu wa jeshi wanaweza kufanya hayo yote kwa siku moja na zana walizonazo. Kinachobaki ni umbo na maandishi, na ndiyo tunayoyataka.

Jirani zetu wa Kenya, Novemba 2016, waliteketeza bunduki zaidi ya 5,000 pale Ngong, na nchi zetu zote mbili zimetia saini Itifaki ya Nairobi ya 2004 inayotaka silaha haramu zikusanywe na kuharibiwa. Siipingi itifaki hiyo hata kidogo. AK ichomwe, na majivu yake yachomwe. Naomba tu kwamba kabla ya kiberiti, mtu mmoja anayejua kusoma alama apewe siku mbili na kamera. Atoe kando zile za kabla ya 1920, tuseme. Kwenye rundo la elfu moja huenda zikawa tano. Huenda isiwepo hata moja. Lakini picha ya alama na namba ibaki, hata kwa zile zinazochomwa.

Najua kuna ugumu hapa. Nguvu ya msamaha ni kwamba mtu haulizwi. Ukianza kumhoji mzee wa Mkinga bunduki ilitoka wapi, ataigeuza nyumbani, na mimi mwenyewe ningemshauri aigeuze. Kwa hiyo karatasi ninayoitaka iwe ya pembeni, haina jina wala sahihi wala alama ya kidole. Mstari mmoja: *Unajua nini kuhusu silaha hii?* Anayetaka aseme, asiyetaka apite. Karatasi ifungwe kwenye mtutu kwa uzi, iende na bunduki hadi itakapofika. Mjomba wangu angesema "risasi za meli," na hayo maneno yangefika mahali.

Zikishazimwa, za kwanza zipewe makumbusho. Hapa Tanga tuna Boma la zamani lenye makumbusho ya Urithi. Mauser ya Manza ingekuwa mwendo wa dakika chache kutoka pale vita ilipopiganwa. Zinazozidi mahitaji, na najua zitakuwepo, raia aliyesajiliwa aruhusiwe kuinunua moja, iliyozimwa, yenye muhuri, kwa bei mtakayoipanga ninyi na hela iende kwenye makumbusho. Akifa, irudi serikalini au kwa mrithi aliyesajiliwa. Akionekana anaichokonoa, afungwe. Sina neno.

Na nchi za nje zisizipate. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu najua soko lilivyo. Bunduki iliyotumika na jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki inatafutwa sana na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, na mtu atakuja na mkoba akisema anataka kuwasaidia kusafisha stoo. Mabaki ya wafu wetu yalikwishapanda meli kwenda Ujerumani na mpaka leo tunayadai. Nisingependa wajukuu zangu waje kudai mitutu.

Kuna ambaye atasema nchi ina matatizo makubwa kuliko haya. Ni kweli. Ndiyo maana nimeomba siku mbili, kamera na karatasi yenye mstari mmoja.

Neno la mwisho ni kwa Ndugu Msajili peke yake. Siku tunaipeleka ile bunduki kituoni nilimkataza mpwa wangu asiipige picha kwa simu, nikihofia tusije tukaonekana tunajigamba na silaha. Akaichora. Alikuwa darasa la sita, akaichora kwenye daftari la Hisabati kwa penseli, mbele na nyuma, na namba aliyoiona karibu na komeo akainakili kama ilivyo. Daftari ninalo. Kama ile bunduki haijachomwa, kama iko kwenye stoo ya mkoa wowote kati ya zile "zilizokwenda," imeandikwa gobore, moja, bovu, na kitako kimeliwa na mchwa upande wa kushoto. Nitakuja na daftari tulinganishe namba.

Wenu,
Mwalimu mstaafu,
Tanga.